Mbwa wa Mama Kadzo hakula kuku wangu

Nimemfukuzisha mbwa asiye na kosa.

Juzi niliona kinyesi chenye mifupa ya kuku kando ya banda langu la kuku, hapa Kakuyuni. Sikukichunguza. Nikaenda kumlaumu jirani, Mama Kadzo, kwamba mbwa wake ndiye mwizi.

Na mimi ndiye ninayesomea wanyamapori, jamani.

Leo ndipo nilipokichambua kwa kijiti. Mbegu za papai, magamba ya jongoo, vifupa vya kuku. Jongoo si chakula cha mbwa. Huyo ni fungo, mnyama wa porini anayewinda usiku.

Nikaenda kuomba radhi. Kamba ya mbwa imelala mlangoni, tupu.

"Nimempeleka Dabaso kwa ndugu yangu," akasema. "Watoto walilia. Nikawaambia wewe umesoma, huwezi kukosea."

Mngejibu nini nyie?

Mimi nilimwamkia tena shikamoo, kama ndio kwanza nafika.