Wali Ulikuwa Kwenye Baiskeli

Siku ile naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Wewe ulikuwa darasa la pili hapa Mchombe, na mpunga wetu ulikuwa umeanza kuingia maziwa, wakati ambao ukizubaa kidogo tu ndege wanakuachia mabua. Kaa hapo unisikilize, usinikate maneno. Umetoka Ifakara kuja kuniambia kliniki wamekuandikia insulini nawe umeikataa, kwa sababu ndiyo iliyomuua mama yako. Msibani walisema hivyo wote. Nami nilikuwepo, nikasikia.

Mama yako alijichoma sindano hiyo ya kisukari miaka minne, na kazi hiyo aliijua. Alfajiri alikuwa anatangulia shambani kuamia ndege. Anapanda dunguni, kile kichanja cha kulindia mpunga, na debe lake la kugonga, dawa ameiviringisha kwenye kitambaa chenye majimaji isipate joto. Mimi nabaki nyumbani, nakuandaa wewe uende shule, napika, ndipo napeleka chakula kwa baiskeli. Akishakiona chakula kwa macho yake anajichoma, anasubiri nusu saa, anakula. Ndivyo nesi alivyomfundisha, maana dawa bila chakula inashusha sukari mpaka mtu anazimia.

Hiyo nusu saa ilikuwa inanikera, we acha tu! Nilikuwa na miaka thelathini na haraka zangu za kijinga. Asubuhi ile nikamfokea mlangoni.

"Leo jichome mapema bwana, saa mbili kasoro robo. Nikifika saa mbili na robo unakula moja kwa moja, mimi sina muda wa kukaa nakutazama."

"Na ukichelewa, baba Adela?"

"Lini nimewahi kukudanganya?"

Akanitazama, akachukua debe lake akaenda.

Wali ukaiva. Nikautia kwenye hotipoti, nikaufunga kwenye keria, nikatoka kwa wakati. Umesikia, Adela? Kwa wakati. Lakini mboga ilikuwa majani ya maboga tu, na njiani roho ikaanza kunisuta kwa zile kelele za asubuhi. Pale darajani huwa wanapita wavuvi kutoka mtoni. Nikasema, mwanaume mzima nimfokee mke wangu halafu nimpelekee wali na majani? Ngoja nipate kambale, nikambanikie shambani, yaishe. Nikasimama. Wa kwanza akapita, samaki wamemwishia, akaniambia mwenzake yuko nyuma. Nikamsubiri mwenzake, nimeegemea baiskeli, wali wa moto kwenye keria nyuma yangu.

Kambale nilimpata, tena mkubwa. Jua lilikuwa limeshapanda, saa mbili na robo imepita zamani.

Nilipokaribia shamba sikusikia debe. Ndege walikuwa wamejaa kwenye mpunga, wanakula watakavyo. Mama yako nilimkuta chini ya dungu, nguo zimelowa jasho chapachapa, macho wazi lakini hanijui. Nikamtia wali mdomoni kwa vidole, mjinga mimi, hamezi, unamwagika tu. Nikapiga yowe, majirani wakaja, tukampakia pikipiki.

Zahanati nesi akauliza alijichoma saa ngapi, na alikula nini.

"Hajala," nikasema.

"Chakula hakikuwepo?"

"Kilikuwepo. Nilikuwa nasubiri kitoweo."

Akaniangalia yule nesi. "Baba, hata ukoko ungetosha."

Alikata roho tukiwa njiani kumpeleka hospitali kubwa.

Msibani shangazi zako wakalia kwamba sindano imemmaliza wifi yao. Nikajiinamia, nikanyamaza. Nikaiacha dawa ibebe lawama yangu, miaka yote hii, na watu wananipa pole! Kumbe uongo wangu ulikuwa unakusubiri wewe.

Sasa nasema. Sindano haikumuua mama yako, ndiyo iliyomweka hai miaka minne. Aliyemuua ni mimi.

Kesho asubuhi rudi kliniki, nitakusindikiza. Chukua dawa, ujichome kama walivyokuandikia, na saa ya kula uwaulize wao, si sisi wa mtaani. Lakini usijichome kwa ahadi ya mtu, awe mumeo, awe mimi baba yako. Chakula kiwe kimeiva, kiko mbele yako unakiona. Sukari funga kwenye pindo la kanga popote uendapo, na ukianza kutetemeka na kutoka jasho, ilambe hapo hapo, usione haya. Na huyo mumeo mwambie, akikukuta umezimia asikutie kitu mdomoni kama nilivyofanya mimi, akukimbize hospitali.

Ukitaka kunichukia nichukie, sina la kujitetea. Mungu akupe uzee ambao mama yako nilimnyima, uwaone wajukuu, uwafokee mpaka uchoke. Haya, nawa mikono. Wali umeiva. Mboga bado iko jikoni, usiisubiri.