Mawe ya Ukingo wa Mulongwe

Siku yangu ya kwanza kwenye sevisi ya travo, idara ya ujenzi ya mji wa Uvira, Shefu wa Brigade, kiongozi wa kikosi chetu, alinipeleka mtaa wa Kasenga na kunionyesha kanivo, mfereji wa saruji kando ya barabara, akaniambia niingie. Mchanga ulinifika magotini.

"Weye ulifikiri tunajenga?" aliniuliza. "Tunazibua. Milima iko hapo juu, ziwa iko hapo chini. Mvua ikinyesha, mayi itapita tu. Sisi tunaitafutia njia."

Nilizibua Kasenga misimu kadhaa, kisha nikahamishiwa barabara ya Kavimvira. Shefu wa huko alikagua kwa kuingiza mkono wake mwenyewe ndani ya buse, yaani bomba nene linalopitisha maji chini ya barabara. Mkono ukitoka na gunia, tulianza upya. Mwishowe nikapelekwa mto Mulongwe, kwa Konduktere wa Travo, msimamizi wa kazi zote za ukingoni, mtu mpole sana. Ndiye aliyenifundisha kusuka gabioni: makapu ya waya yanayojazwa mawe na kupangwa kwa ngazi, mto usile ukingo.

Vita vilipofika, askari waliolinda daraja la Mulongwe walikata waya za gabioni upande wa Kasenga, wakatumia mawe yake kujenga ngome yao. Konduktere alinichukua tukaenda kumwona komanda wao.

"Komanda, ile mawe inazuia mto," alisema. "Nyuma ya ukingo kuko masomo, shule nzima imejaa watu waliokimbia vita kijijini Lubarika."

"Na minye, mawe hiyo inanizuilia risasi," komanda alijibu bila hasira. "Nikikurudishia, vijana wangu watajificha wapi?"

Njiani Konduktere aliniambia, "Hakusema uongo, unajua."

Asubuhi moja tuliwakuta askari wameondoka. Milio ya bunduki ilisikika kutoka bondeni, na barabara ya kusini ilijaa watu wenye magodoro vichwani. Juu ya milima wingu lilikuwa jeusi. Konduktere alimsindikiza mkewe na watoto mpaka njiani, akarudi.

"Mwenye kwenda aende," alituambia. "Minye narudisha mawe."

Tulibaki wachache. Wakimbizi wakatoka shuleni, wanawake wakajipanga, wakipokezana mawe mkono kwa mkono. Mzee mmoja aliuliza kila mara, "Iko inakaribia?" Hatukujua anaulizia mvua au bunduki.

Tulipokuwa tunafunga waya za mwisho, nilimwona Konduktere anatazama ng'ambo.

"Upande huu ukishika, mayi itageukia ule," alisema.

Nami nikatazama. Pale kwenye kona ya mto palikuwa na nyumba yake ya matofali, aliyoiezeka kiangazi kilichopita.

"Shefu, tuache nafasi kidogo hapa, nguvu igawanyike," nilimwambia.

"Igawanyike iende wapi? Kwenye masomo? Funga waya."

Mvua ilishuka kabla ya giza. Mto ulikuja na mngurumo wa mawe, ukazipiga gabioni zetu, zikatikisika, zikashika. Ng'ambo ukingo ukaanza kumeguka. Tuliona mti wake wa parachichi unaondoka, kisha choo, kisha ukuta, na mabati yakaelekea ziwani. Konduktere alitazama mpaka mwisho, ndipo akaingia shuleni kuuliza kama maji yamefika.

"Hapana, Papa," mama mmoja alimjibu. "Huku iko kavu."

Akakaa sakafuni, akalia. Yule mama hakujua sababu, alimpa uji.

Waliouteka mji kesho yake walitukuta kati ya wakimbizi, wakatupita.

Sasa nimestaafu. Vijana wa sevisi huniletea michoro yao mizuri, nami huwauliza kwanza: ng'ambo ya ukingo mnaoimarisha anaishi nani? Wengine huudhika, wakiona swali hilo si la kazi.

Konduktere hakujenga nyumba tena. Alipanga vyumba mpaka alipofariki. Mazishini walikuja watu wengi wa Lubarika, wengine kwa miguu. Mjane wake aliniuliza hao ni nani. Miaka yote hiyo alijua tu kwamba mto uliwachukulia nyumba. Nikamweleza pale pale, kando ya kaburi. Akajifunga vizuri kitenge chake, akaenda kuwasalimia mmoja mmoja.