Safu ya Anayeitikia

Asubuhi hiyo pale Kitale sikuweza kutulia. Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani kutazama malori ya mahindi, nikarudi, chai ikapoa mara tatu katika kikombe kile kile. Mimi ni mtu wa shule ya jioni. Cheti changu cha kompyuta nilikipata nikisinzia, na tangu nikipate sijaogopa mashine yoyote duniani. Siku hiyo niliogopa kitufe kimoja.

Kwa ajili ya kitabu cha watoto, tulikuwa tunanukuu hadithi zilizorekodiwa za bibi mmoja wa Matulo, ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwao. Kwenye programu ya kunukulia, sauti inachorwa juu, na chini yake kila msemaji ana safu yake ya maandishi. Kukhu alikuwa na safu yake. Safu ya pili, kwa haraka zetu za mwanzo, tuliibandika jina "Kelele". Humo alikuwamo mke mwenzake, aliyeketi kando akiitikia: eee, enhe, wacha! Faili zilikuwa nyingi kuliko nywele za kichwa changu, na wakati huo nilikuwa na nywele.

Madam, mkubwa wetu, alipiga simu kutoka Bungoma.

"Hizo kelele toa zote. Kitabu cha watoto kinaenda kwa mchapishaji leo jioni. Si uko na ile njia ya kufuta kwa mpigo?"

Nilikuwa nayo. Unachagua faili zote, unataja safu, unabonyeza mara moja, na zote zinatii kama askari. Lakini ruhusa ilikuwa ya Kukhu, kwa hivyo nikampigia kwanza.

"Umtoe nani?" akauliza. "Ati kelele? Basi nitoe na mimi, hadithi zangu zirudi nyumbani. Ulidhani nilikuwa naongea na ukuta?"

Nyuma yake mke mwenza akapaza sauti: "Mwambie bado sijazikwa!"

Nikazunguka chumba mpaka sakafu ikaanza kuonyesha njia. Nikifuta, Kukhu anaondoka na hadithi zote. Nisipofuta, Madam ananiondoa mimi. Mwishowe nikanakili faili moja, nikafuta kelele kwenye ile nakala, nikampigia Madam nimsomee.

"Nisikilize kidogo tu, Madam. 'Fisi akafika mlangoni.'" Nikanyamaza, maana hapo Kukhu hunyamaza. "'Akabisha.'" Nikanyamaza tena.

"Enhe," akasema Madam.

"'Mwenye nyumba akauliza, ni nani?'" Nikangoja.

"Eee, halafu? Endelea bana, fisi amesema nini?"

"Sasa Madam, tukishatoa kelele, nani atamwambia Kukhu aendelee?"

Nilitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, simu sikioni.

"Wewe mtu una maneno," akasema. "Wacha akae. Lakini hilo jina la Kelele nisilione kitabuni."

Nikachagua faili zote. Badala ya kufuta safu, nikaagiza ibadilishwe jina: Mwitikiaji. Nikabonyeza. Kompyuta ikanguruma kama kinu cha posho, majina ya faili yakipita moja moja, nami nimesimama nikingoja hata moja ikatae. Haikukataa. Nikafungua ya mwisho kuhakikisha. Fisi akafika mlangoni. Chini yake, kwenye safu ya Mwitikiaji, si Kelele tena: eee.