Usukani wa Leokadia

Leokadia alipata leseni akiwa na miaka hamsini na mmoja, baada ya kufeli mara mbili, na tangu siku hiyo Watanzania wa Wheaton, huko ughaibuni, hawakupumua. Asiye na usafiri alipelekwa, apende asipende. Kila siku ya kazi alivuka mto Potomac hadi Herndon, kwa mzee dhaifu aliyeajiriwa kumtunza, na hajawahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Hilo alilisema mwenyewe, bila kuulizwa.

Basi mwaka 2006, aliposema anakwenda kuendesha gari jangwani, Waringa, Mkenya waliyepokezana naye zamu kwa yule mzee, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wee Leokadia! Watu wanatoroka ukame, wewe unaulipia nauli ya ndege?"

"Namfuata mwanangu."

"Si yeye akuendeshe basi? Kwani huko chuoni Fairfax alisomea nini?"

"Kuchora."

"Ai! Basi endesha wewe."

Anitha, binti yake wa pekee, alikuwa amealikwa kukaa na kuchora kwa miezi mitatu katika mji mdogo wa jimbo la New Mexico, mji wa nyumba za udongo, ambako kila mlango wa pili ni wa mchoraji au mfinyanzi. Tangu baba yake afariki, Anitha ndiye aliyejaza fomu zote, akasema na madaktari, akampeleka mama yake huku na kule kabla ya leseni. Sasa Leokadia alitaka, walau mara moja, yeye ambebe mwanawe njia nzima, kutoka uwanja wa ndege hadi mlangoni.

Anitha, aliyekuja kumpokea kwa basi, alikubali nusu.

"Utaendesha kwenye tambarare, Mama. Tukifika kituo cha mafuta chini ya milima, unanipa mimi. Kona za kule si za kujaribia."

"Haya," alisema Leokadia. Alikaza mkanda, akaomba Mungu kwa sauti, akaondoa gari la kukodi.

Jangwa lilifunguka pande zote. Ardhi ilikuwa nyekundu, kisha ya manjano, kisha nyeupe kama unga wa mhogo uliomwagika. Wingu moja lilitembeza kivuli chake juu ya vilima, polepole, kama mchungaji asiye na haraka. Leokadia aliyaona hayo kwa kuibia tu, macho yake yako barabarani.

Saa moja baadaye tairi la nyuma likapasuka. Gari likayumba. Leokadia hakukanyaga breki. Aliushika usukani kwa mikono miwili mpaka gari likachoka lenyewe na kutulia pembeni. Anitha alitoa simu. Hapakuwa na mtandao.

"Mungu wangu, Mama. Tunafanyaje?"

Leokadia alikwisha shuka. Alikuwa akivunja matawi makavu ya vichaka na kuyapanga barabarani nyuma ya gari, moja baada ya jingine, hatua kumi kumi, kama afanyavyo kila dereva wa Singida gari likimharibikia.

"Mama, acha! Taa si zinawaka?"

"Kwa jua hili nani ataziona? Tawi linaonekana. Lete jeki."

Akalegeza nati kwa kusimama juu ya spana. Tairi la akiba alilinyanyua vilevile anavyomwinua mzee wake kutoka kitandani: magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, mzigo karibu na kifua. Hata moja-mbili-tatu aliihesabu.

Alipokuwa akikaza nati ya mwisho, pikapu ilisimama mbali, kwenye tawi la kwanza. Alishuka mzungu mzee mwenye udongo wa kufinyangia hadi kwenye viwiko. Hakuja moja kwa moja. Alitembea kando ya matawi, akichuchumaa kwenye kila moja, akirudi nyuma kidogo kulitazama. Hatimaye akafika, akauliza kwa heshima msanii ni nani.

Anitha alicheka mpaka machozi. "Ni mama yangu," alisema, akamwonyesha.

Leokadia alijifuta mikono. "Mwambie ni alama ya gari bovu."

Mzee aliambiwa, akatikisa kichwa. Akaomba matawi yaachwe hapo hapo, watu wa mjini waje kuyaona.

"Yaachwe?" Leokadia alikuja juu. "Aje mtu gizani ayagonge? Dereva anayeacha matawi barabarani hana adabu." Akaanza kuyaokota. Anitha akamfuata, wakaokota pamoja mpaka la mwisho, mzee yule naye akibeba mawili.

Walipofika kituo cha mafuta, milima ilikuwa imesimama mbele yao, ya buluu, na barabara ikipanda ndani yake kwa mikunjo. Leokadia alizima gari. Makubaliano ni makubaliano. Akafungua mlango na kumnyooshea mwanawe funguo.

Anitha hakuzipokea. Alikuwa amevua viatu, daftari la kuchorea liko mapajani.

"Nimepita hapa mara mbili nikiendesha," alisema. "Sijawahi kuiona hii milima. Twende, Mama."

Leokadia alifunga mlango. Alirekebisha kioo ambacho hakikuhitaji kurekebishwa, akapiga honi moja ndefu isiyomwonya mtu yeyote, akaingia kona ya kwanza.