Koti Lisilo na Mgongo

Mpiga picha niliyefanya naye kazi alikuwa mtu wa kiburi, nami sikuwa mnyonge. Studio yake ilikuwa mtaa wa Mangobo, na cherehani yangu ilikaa humo humo, karibu na pazia. Yeye alijua mwanga, mimi nilijua kitambaa, na kutwa tulikuwa tukigombana. Nikikata gauni jekundu alifoka kwamba kwenye picha litatoka jeusi; nami nikimwambia akanunue macho mapya. Hata hivyo mavazi yetu yalipendwa.

Baada ya uhuru kila mtu alitaka picha ya kufanana na karani, na suti hana. Nikashona koti moja la studio: mbele kola, vifungo na tai, nyuma wazi tangu shingoni, na kamba tu za kufungia. Mnene lilimkaa, mwembamba lilimkaa. Mchukuzi mmoja wa mizigo bandarini, mwana pekee wa jirani yetu, mjane Mwislamu, alipendeza ndani yake kuliko makarani wenyewe. Mpiga picha akaitundika picha ile dirishani. "Kizuri chajiuza," alisema.

Waasi walipouteka mji walianza kuwasaka makarani, wakisema ni watu wa serikali. Wakaiona picha, wakauliza mtaani, wakamkamata mchukuzi akiwa peku na kumpeleka kambini kwao Kapalata.

Tulipopata habari tulikunja koti tukaenda, mimi, mpiga picha na yule mjane. Mjane akaambiwa angoje langoni. Sisi wawili tukaingizwa kwa kamanda.

"Papa komanda, ule haiko karani," nilisema. "Iko anabeba mizigo ku port. Hii koti iko ya studio. Angaliya mugongo."

Kamanda akaligeuza, akalivaa, akawageukia askari wake, mgongo wote nje. Wakacheka mpaka wakashika magoti. Mpiga picha akacheka. Nami, Mungu wangu, nilicheka kwa sauti, maana nilidhani mtu anayecheka hivyo hawezi kuua.

"Bon, unasema kweli, mama," kamanda alisema, akijifuta machozi. "Lakini mungekuya asubui. Ule tulishamumaliza."

Tukatoka. Langoni mjane alikuwa amekwisha kusimama, kwa kuwa alisikia vicheko. Alinishika mikono yote miwili, Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, huku akichungulia nyuma yetu amwone mwanawe akija.