Lenzi ya Kusukuma

Mama aliponiambia ziwa limebaki kikombe kimoja, nilidhani anatania. Tulikuwa tumekaa juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba yetu Kiseke, asubuhi moja ya zile ambazo maji na mbingu huwa na rangi moja, usijue mtumbwi ule unaelea au unaning'inia. Nilikuwa upande wake wa kulia, nimemshika mkono kama kawaida, maana majabali ya Ilemela hayamhurumii mtu asiyeona anapokanyaga. Akanyoosha kidole, akachora duara dogo hewani, polepole. Akasema maji anayoyaona ni yale tu yanayoingia humo. Kwingine kote ni ukungu, na ukungu unazidi kusogea.

Ugonjwa wenyewe ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakufa zamani, la kulia likabaki na tundu katikati, kama mtu anayechungulia dunia kupitia bomba. Daktari hakutuficha. Alisema kilichopotea hakirudi, na dawa ni za kuchelewesha tu. Mama aliipokea habari hiyo kwa utulivu ulioniudhi. Mimi ndiye niliyelia pale koridoni, na yeye asiyeona vizuri ndiye aliyeutafuta mgongo wangu kwa mkono akanibembeleza.

"Sitaki mengi," aliniambia siku ile juu ya jabali. "Nataka nilione ziwa lote, mara moja tu. Likifungwa baada ya hapo, lifungwe."

Alizaliwa Ukerewe, ndoa ikamleta Mwanza, na tangu tukiwa wadogo alikuwa akichoka na sisi anapanda pale juu. Anakaa, anatazama, anashuka akiwa mtu mwingine. Alikuwa na hesabu yake: ufuko huu, visiwa vile, na nyuma ya visiwa vile, hata kama hakionekani, kisiwa cha kwao. Akiviona kwa pamoja anajua yuko wapi duniani. Sasa akigeuza kichwa avipate visiwa, ufuko umetoweka, na akiurudia ufuko, visiwa vimekwenda zao. Alisema ni kama ndoto zile za kumfuata mtu nyumba hadi nyumba, kila ukiingia ndio ametoka.

Mimi ni mpiga picha, lakini msinione mtu mkubwa. Nina kistudio barabarani, na kazi yangu ni vichwa. Pasipoti saizi za wanafunzi, za waombaji kazi, za wazee wanaofuatilia mafao. Kaa wima, kidevu juu kidogo, usicheke. Kamera yangu ni kuukuu na nzito kama tofali, na lenzi yake inapenda uso mmoja tu kwa wakati. Ziwa sikuwahi kulipiga hata siku moja. La nini? Lipo pale nje, halihitaji kitambulisho.

Kwa akili zangu nikaona suala ni dogo. Mtu haoni vizuri, mkuzie. Nikaazima kamera ya simu ya jirani, nikalipiga ziwa, nikaagiza lichapishwe kubwa, likaja limekunjwa kama mkeka. Nikalitundika sebuleni kwa mbwembwe. Mama akasogea, akaanza kupita juu yake kwa lile tundu lake moja, kama sisimizi anayetembea ukutani. "Maji," akasema. Akasogea. "Maji." Akasogea tena. "Hapa pia maji." Nilitoka nje nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jibu lilikuja lenyewe, tena nikiwa sina habari nalo. Mama alikuwa amekaa studio akinisubiri nifunge, nikampa ashike bahasha ya mteja aliyekuwa njiani kuchukua picha zake. Mteja akafika, na mama, badala ya kumpa bahasha, alikuwa ameshaifungua na kashika kale kapicha kadogo karibu na pua. Akamwambia yule bwana kwamba masikio yake yameota vizuri sana, tena ndugu wa kwao huko Ukerewe wana masikio ya namna hiyo. Bwana wa watu akacheka, akaondoka na masikio yake. Mimi nilibaki nimesimama na mkasi mkononi.

Alikuwa ameona masikio yote mawili kwa mpigo mmoja, na pua, na kola ya shati.

Jamani! Ningejipiga kofi kama kungekuwa na mtu wa kunishikia mkasi. Miezi yote ile nilikuwa namkuzia mtu ambaye tundu lake ni dogo. Mlango ukiwa mwembamba hupitishi kabati, unapitisha kigoda. Alichohitaji ni vitu viwe vidogo, vidogo kabisa, ili vyote viingie.

Basi nikamtengenezea ziwa dogo, saizi ya pasipoti, nikamkabidhi nikitabasamu mwenyewe. Akaliangalia muda mrefu. Akanishukuru, akanirudishia.

"Hii ni picha ya ziwa," akasema. "Mimi nilisema ziwa."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilimwambia moyoni maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Lakini usiku ule niliposhindwa kulala nilimwelewa. Kwenye picha mawimbi yalikuwa yamesimama. Ndege amegandishwa hewani. Alitaka maji yanayokwenda, ya leo, yeye akiwa amekaa juu ya jabali lake na upepo unampiga. Simu isingefaa, maana juani kioo cha simu ni cha kujitazamia tu. Ilihitajika kamera yenye tundu lake la kuchungulia, lile la kubandika jicho, ambalo ndani yake kuna giza pembeni na dunia ndogo inayong'aa katikati. Na mbele yake lenzi pana kupita kiasi, inayolisukuma ziwa mbali mpaka liingie lote. Na iwe nyepesi, maana viganja vya mama vimechoka.

Mjini kuna kijana mmoja anayeuza kamera zilizotumika, nyingine anaziagiza Dar zinakuja na basi. Nilipomweleza nina mgonjwa wa macho, hata sikumaliza, alishatoa lenzi ndefu kama chupa ya chai. Hii, dada, inavuta mpaka unamwona mvuvi anatafuna nini. Nikamwambia sitaki ya kuvuta, nataka ya kusukuma. Akanitazama kama niliyekunywa. Akarudia taratibu, kama anavyoongea mtu na mtoto, kwamba asiyeona anavutiwa vitu karibu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zake siku ile zilikuwa za ubishi. Nikamwambia kwa upole wote niliokuwa nao kwamba mgonjwa ni wangu na hela ni yangu.

Akatoa nyingine basi, fupi, ina kioo kilichovimba mbele kama jicho lililotoka kulia. Akasema hii inachukua kila kitu, hata viatu vyako mwenyewe, na inaitwa jicho la samaki. Nilicheka. Mtu wa Mwanza kuuziwa jicho la samaki! Sisi tunalipata kila siku kwenye sahani, tena tunagombania. Nikabandika jicho langu. Nikazungusha ngumi mbele ya tundu, nikaacha nafasi ndogo tu ya kuchungulia, ili nione kama anavyoona mama. Kweli vyote viliingia: barabara, bodaboda, mlima wenye mawe, dari ya duka. Lakini mlango wa jirani ulikuwa umepata mimba, na nguzo ya umeme imeinama kama inaaga. Nikamwazia mama juu ya jabali, anaona ziwa limepinda kama tikiti. Maisha yake yote ule mstari wa mbali ulikuwa umenyooka. Siwezi kumpa ziwa la samaki.

Nikaichagua ya tatu aliyonitolea, ingawa bei yake ilikuwa inaniuma. Kamera ndogo nyeusi inayoingia kwenye mkoba wa kanisani, yenye tundu angavu, na kilenzi kifupi kisicho na madaha. Kijana akasema hii ni ya milimita kumi, haivuti, haikuzi, haina mambo mengi. Nilipochungulia, ukuta ulisimama wima. Mlango ulikuwa mlango. Barabara yote ilikuwa imelala mbele yangu, ndogo, mbali, tulivu, watu wakipita humo bila sauti kama watu wa ndotoni. Nikakaa na jicho pale mpaka kijana akakohoa.

Kaka yangu nilimkuta nyumbani. Yeye analima mpunga Misungwi, na akija siku hiyo ni sikukuu. Mgeni njoo mwenyeji apone, kuku anachinjwa na hata mimi napata paja. Hukaa kwenye kigoda mbele ya mama, magoti yakigusana, na mama anamsoma uso kama gazeti: umekonda, macho yako mekundu, hapa mdomoni pana kidonda, huli vizuri. Anampapasa shavu. Na kaka anajichekea, mtu mzima mwenye ng'ombe wake.

Mimi nilikuwa pembeni nikitenga chakula, na nitasema ilivyokuwa: niliona wivu. Wivu mweupe kabisa. Mimi ndiye nimpelekaye kliniki, nimwogeshaye, nimshikaye mkono kila anapoinuka. Mama hakuwa na neno lolote kuhusu uso wangu. Hata kwamba nimenenepa, lile ambalo mama yeyote wa Kitanzania angelisema. Kaka alipoiona kamera akatania kwamba nimenunua kitu cha kuchezea watoto. Sikumjibu, nikampa shingo ya kuku.

Asubuhi yake kaka aliondoka mapema, na sisi tukapanda. Ilikuwa siku ya wale wadudu wa ziwa, wanaoinuka majini kama moshi, nguzo kwa nguzo, ungesema kuna watu wanapika chini ya maji. Mwanga ulikuwa laini. Nikamkalisha mama mahali pake, nikamvisha mkanda shingoni, nikaketi upande wake na kumsaidia kulitafuta tundu. Kwanza alisema ni giza. Kisha akasema kuna kitu kinang'aa mbali.

Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya wangu, akanibana vidole, nikaogopa. Nilifikiri nimemletea uchungu mwingine, maji, maji, hapa pia maji.

"Visiwa vipo," akasema.

Akaanza kuvitaja, kwa sauti ya chini, kama anayeita watoto ndani jioni. Ufuko huu hapa. Mawe yale yaliyokaa majini. Mitumbwi. Moshi wa wadudu, kumbe leo wapo. Visiwa, kile na kile. Na huko nyuma, hapo nyuma yao, kwetu. Vyote vilikuwa vimekaa pamoja, hakuna kilichokwenda zake. Alikuwa anatabasamu na kamera ikiwa imebanwa usoni, na machozi yanapita chini yake. Na mimi nililia, kwa furaha safi, nikijua kwamba kazi imekwisha.

Kisha akauliza, "Wewe uko wapi?"

Nikamwambia nipo, mama, si nimekushika mkono.

"Najua umenishika. Nauliza uko wapi."

Akaanza kugeuka na kamera usoni. Nikamwambia aache, aangalie ziwa kabla mwanga haujakuwa mkali, mimi nipo kila siku. Hakusikia. Kamera ikanifikia, akacheka kidogo, akasema anaona pua tupu. Akaniambia nirudi nyuma. Ikabidi niuachie mkono wake. Kule juu sikuwahi kuuachia. Nikarudi hatua kidogo, akasema rudi tena. Nikarudi mpaka mgongo wangu ukagusa jabali la pili, na pale akainua kiganja kunisimamisha.

Alinitazama muda mrefu, kutoka kichwani hadi miguuni bila kusogeza kamera, kwa sababu nilikuwa nimeingia mzima.

"Kumbe una mvi," akasema.

Nikapitisha mkono kichwani.

"Kaka yako akija ninamwona, anakaa mbele yangu. Wewe uko hapa pembeni tangu haya macho yaanze. Nakupata kwa sauti tu, na mkono." Akaikaza kamera usoni. "Umezeeka, mwanangu, na mimi nilikuwa hapa hapa."

Nikamkumbusha ziwa, kwamba jua linapanda na mwanga utaharibika.

Akasema nisimame pale pale nilipo, ziwa ameshaliona.