Nyama ya Mjomba Aliyesema Hapana

Kaka wa mama yangu ni mbunge, upande wa Bungoma. Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama hichohicho huku kwetu Saboti. Kwa miaka mingi mambo hayo mawili yalikaa nyumbani bila kugongana. Walipokutana Krismasi, baba na mjomba walibishana kuhusu mbegu, na siasa wakaiacha nje pamoja na viatu vyenye matope.

Kisha ukaja mswada wa mahindi.

Serikali ilitaka mahindi ya nje yaingie bila ushuru. Chama kilikuwa ndani ya serikali, kwa hiyo wabunge wake wote waliambiwa waseme ndiyo. Stoo yetu wakati huo ilikuwa bado imejaa mavuno ya msimu uliopita. Magunia yalikaribia mabati, na asubuhi ukifungua mlango ile harufu ya vumbi tamu ilikupokea kama mtu wa nyumbani. Kila mkulima niliyemjua alikuwa anangoja bei ipande. Baba naye alikuwa anangoja. Hata hivyo alisimama kwenye mkutano mjini Kitale, akawaambia viongozi kwamba kura ya shemeji yake isiwasumbue.

"Huyo ni wangu," alisema. "Nimeongea na yeye."

Siku ya kura tulikaa sebuleni mbele ya televisheni. Karani wa bunge aliita jina mojamoja, na kila mbunge akasimama kujibu. Ndiyo. Ndiyo. Wengine walisimama huku wakifunga vifungo vya koti. Jina la mjomba lilipoitwa, alichelewa kidogo, kama mtu anayetafuta miwani yake, na miwani ilikuwa usoni.

"Hapana," alisema, akaketi.

Baba alikuwa ameshika rimoti. Aliendelea kuishika.

"Amekosea," alisema. "Atasahihisha."

"Hajakosea," mama alisema. Alikuwa anapepeta maharagwe kwenye ungo na hakuinua uso.

"Chama ni chama, mama watoto."

"Na hiyo stoo ni ya nani?"

Mswada ulipita bila taabu. Hapana ya mjomba haikuuzuia hata kidogo, na nadhani hilo ndilo lililomuudhi baba zaidi. Kesho yake mama alimpigia simu kaka yake na kuweka sauti ya nje ili sote tusikie.

"Sasa wewe, ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nafikiria nitarudi nyumbani na barabara gani," mjomba alijibu.

Mama alicheka hadi akaketi. Baba alitoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwaangalia.

Chama kilimwondoa mjomba kwenye kamati ya kilimo, kikamwita mbele ya kamati ya nidhamu. Ilisemekana atafukuzwa na kiti chake kitangazwe wazi. Wenyeviti wa matawi waliagizwa wajitokeze hadharani wamkane. Baba alisitasita, lakini mjini Kitale hakuweza tena kununua hata msumari bila mtu kumuuliza, "Mwenyekiti, ule mtu wako, kwani mliongea lugha gani?" Mwishowe alikubali kwenda kwenye kipindi cha asubuhi cha redio ya lugha yetu.

Tulimsikiliza jikoni. Alianza vizuri, akazungumzia nidhamu na umoja. Mtangazaji akamchokoza kidogo: je, yeye na shemeji yake si bado ni watu wa meza moja? Baba akapandwa na moto.

"Huyo mtu hatutakula kwake tena," alisema. "Mimi na nyumba yangu."

Mama aliweka mwiko chini. Alingoja hadi baba aliporudi, akavua koti, akaketi. Ndipo akamuuliza neno moja tu.

"Na luliki?"

Nikiikumbuka sura ya baba wakati ule, hata leo namhurumia. Ilikuwa mwaka wa tohara. Mdogo wangu wa kiume alikuwa aingie Agosti, na kwetu sisi Wabukusu mvulana haendi kwenye kisu kabla hajaenda kwa kaka wa mama yake. Mjomba humchinjia fahali, hukata ukanda wa nyama ya kifuani na kumvisha shingoni. Hiyo ndiyo luliki. Hurudi nayo nyumbani, na alfajiri husimama nayo. Hakuna mwingine anayeweza kuitoa, wala haiuzwi buchani. Na mtu akishasema mbele ya watu kwamba hatakula kwa fulani, chakula cha fulani kinakuwa na neno baya juu yake, mpaka hao wawili wale pamoja, watu wakiona. Baba alijua hayo yote. Siasa ilimsahaulisha kalenda.

"Nilikuwa naongea mambo ya chama," alisema.

"Ulisema na nyumba yako," mama alijibu. "Mtoto yuko nyumba gani?"

Mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni akisikiliza. Tangu siku hiyo aliacha kuimba alipokuwa akikata nyasi.

Agosti ilipofika baba hakusema twende wala tusiende. Asubuhi ya siku yenyewe aliosha pikapu, akaijaza mafuta, akakaa kwenye usukani akiwa na gazeti. Waimbaji walipanda nyuma na mdogo wangu, njuga zake za chuma mikononi. Mimi nilikaa mbele. Njia nzima hadi Webuye baba alizungumza juu ya mashimo ya barabarani. Tulipofika njia ya kuingilia Matulo, alisimamisha gari kando.

"Mimi ni dereva tu," alisema, akafungua gazeti.

Tuliteremka tukaingia kwa miguu kati ya mashamba ya miwa. Mdogo wangu alitangulia akipiga njuga, nasi tukaitikia nyuma yake. Uwanja wa mjomba ulikuwa umejaa watu. Fahali mwekundu alikuwa amefungwa kwenye mti, na mjomba alisimama kando yake, amevaa gambuti, mikono ya shati imekunjwa. Hakuwa na sura ya mtu wa bungeni.

Kama desturi inavyotaka, alianza kwa matusi.

"Nani ameniletea hii panya? Umekosa kuku za kuchunga kwa mama yako?"

Alimzaba kofi shavu hili, akamzaba na lile. Mdogo wangu hakurudi nyuma. Watu wakanguruma kwa kuridhika. Huo ndio wakati ambapo kisu cha kumchinja fahali huletwa, lakini mjomba hakuletewa kisu. Aligeuka akanitazama.

"Mmekuja na nani?"

"Na baba, Khocha," nilisema, maana ndivyo tunavyomwita kaka wa mama. "Yuko kwa barabara, ndani ya pikapu."

"Anafanya nini huko?"

"Anasoma gazeti."

Watu walicheka. Mjomba hakucheka.

"Mwambie bado sijachinja," alisema. "Sina hasira na yeye. Lakini alisema kwa redio hatakula kwangu, yeye na nyumba yake. Nikimvalisha huyu kijana nyama baba yake ameikataa, na kesho atingishike mbele ya kisu, watasema nini? Aje nichinje akiona, aonje. Halafu arudi kwa gazeti yake."

Mdogo wangu alibaki amesimama, mashavu yamevimba, njuga zimenyamaza. Nikatembea haraka. Ilibidi nisikimbie, maana mtu akionekana akikimbia kutoka kwenye shughuli kama ile, watu husema kijana ameogopa.

Baba alinisikiliza hadi mwisho bila kushusha gazeti.

"Kuna watu wa simu?"

"Wengi."

"Wa chama?"

"Wengine."

Alikunja gazeti polepole, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama bahasha. Siku chache kabla aliambiwa na viongozi kwamba mwenyekiti atakayeonekana kwa muasi ataondoka pamoja naye. Nilijua, na alijua najua.

"Ndugu yako amepigwa kofi?"

"Ndiyo."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

"Akalia?"

"Hapana."

"Vizuri," alisema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulilegea. Aliteremka, akafunga mlango, akaujaribu kama umefungika kweli, tukaanza kutembea. Tulipokuwa katikati ya miwa ndipo nilipoona bado amevaa kofia ya chama, ile aliyoivaa kila siku hata akienda kukamua. Nilitaka kumwambia. Nikaona akishasimama kuivua huenda asiendelee.

Tulipoingia uwanjani watu walitupisha njia. Mjomba alimtazama kutoka kofia hadi viatu.

"Umekuja kama mwenyekiti ama kama shemeji?"

"Nimekuja na njaa," baba alisema. "Tangu Saboti sijakula kitu, bana."

Kijana mmoja nyuma akasema, "Na kofia nayo si ipewe kipande." Baba alijigusa kichwani. Niliona vidole vyake vikishika ukingo wa kofia, vikafikiri, vikaiacha hapohapo. Simu zilikuwa tayari zimeinuliwa.

Fahali alichinjwa. Ini lilichomwa juu ya makaa, mjomba akakata kipande, akakila nusu, nusu akampa baba. Baba alitafuna kwa muda mrefu, akameza.

"Haina chumvi," alisema.

"Chumvi ni ya wanachama," mjomba alijibu.

Walicheka kwanza wao wawili, kisha uwanja wote. Mjomba akainama juu ya kifua cha fahali, akakata ule ukanda mrefu, bado una joto, akamvisha mdogo wangu shingoni. Damu ilitiririka kwenye kifua cha kijana, nyembamba, hadi kitovuni. "Sasa nenda," mjomba alimwambia kwa sauti ya chini, bila matusi. "Usimame." Njuga zikalia tena.

Picha ilifika Kitale kabla yetu. Mwenyekiti, kofia ya chama kichwani, ini la muasi mkononi. Simu ya baba iliita njia nzima, naye akaendelea kunionyesha mashimo ya barabarani.

Alfajiri iliyofuata kulikuwa na baridi ile ya mlimani inayokaa kwenye meno. Mama alikuwa ndani, ameketi sakafuni, kama mama wa mtahiriwa anavyopaswa. Mdogo wangu alirudi kutoka mtoni amepakwa matope mwili mzima, nyama shingoni, akasimama katikati ya uwanja, macho mbele. Baba alisimama mkabala naye. Mtahiri alipopiga magoti, watu wote walinyamaza.

Ndipo simu ikaita mfukoni mwa baba. Mlio wake ulikuwa wimbo wa kampeni ya chama, na ulikuwa na ngoma. Watu waligeuza macho tu, si vichwa. Sote tulijua ni akina nani wanaopiga saa hiyo na wanataka kumwambia nini. Baba hakupeleka mkono mfukoni. Wimbo uliimba hadi mwisho, ukaanza upya, na katikati ya kiitikio chake mtahiri akasimama na kupuliza filimbi, ishara kwamba kisu kimemaliza.

Mdogo wangu hakuwa amepepesa jicho. Baba pia.